Daftari la Mazishi

Jana baada ya Alasiri, pale barazani, ulisema neno likanikwama kooni kama mwiba wa changu. "Ami, hii bima ya afya ya SHA ni wizi mtupu. Nimelipa mwaka mzima, sijaumwa hata kichwa, pesa zangu zimeliwa. Mwaka huu silipi." Vijana wenzako wakacheka, muuza kahawa akavigonga vikombe vyake kukuunga mkono, nami nikanyamaza. Hukunishinda kwa hoja, mwanangu. Nilichoka tu. Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wenye mvi kuliko zangu, na kila nikiyasikia huona bora nimalize kahawa yangu niende nikaswali. Lakini usiku usingizi haukuja. Nimeona nikuandikie, maana ukiwa kwenye tuktuk husikii kwa kelele, na ukiwa kwenye simu husikii kabisa.

Nianze na jambo ulijualo. Tangu mwaka 2006 mimi ndiye mshika fedha wa chama cha mazishi hapa mtaani. Nyumba 143, kila nyumba Sh100 kwa mwezi. Akifa mtu, hata iwe saa nane ya usiku, sanda ipo, ubani upo, karafuu maiti ipo, mbao za kaburi zimeshapasuliwa na gari la kwenda makaburini Kikowani limeshaambiwa. Mfiwa hasumbuki kutafuta hata sindano. Jina lako limo daftarini tangu ulipooa, na hujawahi kuchelewa ila mwezi ule uliobadilisha tairi.

Sasa nisikilize. Katika miaka yote hiyo hajanijia mtu hata mmoja, akanishika mkono mlangoni mwa msikiti, akaniambia: "Mzee, mwaka umekwisha na nyumbani kwangu hakufa mtu, nirudishie 1,200 yangu." Hata mmoja! Angetokea, tungempeleka akasomewe. Wewe mwenyewe tangu uoe hujafiwa na mtu wa nyumba yako, na hujaniita mwizi. Unajua pesa zako zilikwenda wapi: zilimzika yule mzee muuza madafu asiyekuwa na mtoto, zilimzika yule msichana wa chumba cha uani. Kila ukitoa ile mia humshukuru Mola kwamba si zamu yako.

Kadi ya hospitali ni daftari hilihili, ila limetanuliwa likaenea nchi nzima, na badala ya maiti limeandikwa wagonjwa. Kwa nini basi kwa maiti una subira na kwa mgonjwa huna?

Utaniambia watu wetu si bakhili, na kweli si bakhili. Huruma tunayo tele, ila yetu huja na jeneza, au huja mgonjwa akiwa tayari na mipira puani. Picha yake inapigwa, inatiwa kwenye kundi la WhatsApp, chini yake nambari ya paybill na jina la mweka hazina. Mwaka jana uliniambia mwenyewe, ukilalamika, kwamba uko katika makundi matatu ya kuchangia matibabu. Nikakuuliza umetoa kiasi gani, ukahesabu kwa vidole, ikafika Sh5,300. Mchango wa chini kabisa wa SHA kwa mtu asiye na mshahara ni Sh300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na unakuingiza wewe, mkeo na wanao. Kwa hiyo unalipa bima ya afya, mwanangu, tena kwa bei ghali kuliko ya serikali. Tofauti ni kwamba hiyo ya WhatsApp hulipwa mgonjwa akiwa taabani, huenda kwa mwenye jamaa wengi kuliko kwa mwenye maradhi makubwa, na asiye na simu nzuri wala binamu Saudia hufa kimyakimya.

Nikupigie hesabu nyingine, uijue ile pesa yako iliyoliwa imeliwa na nani. Kipindi kimoja cha kusafisha damu, kwa mtu ambaye figo zake zimekufa, SHA imekiwekea Sh10,650. Mgonjwa huyo huhitaji angalau vipindi viwili kwa juma, na juma halimsubiri. Hiyo ni Sh21,300. Maana yake watu sita wazima kama wewe, kila mmoja akitoa mchango wake wa chini wa mwaka mzima, ndipo mgonjwa mmoja apate kuvuka wiki moja. Wiki moja tu. Wiki ya pili wanahitajika sita wengine. Basi usiseme pesa zako zimekwenda na maji. Kama mambo yamekwenda inavyotakiwa, zimelipa thuluthi ya siku moja ya mtu fulani kulala kwenye kiti kile huku damu yake ikizunguka mtamboni. Hukumjua naye hakukujua. Yule msichana wa uani ulimjua?

Na ndiyo maana nakwambia hazina ya namna hii haiwezi kusimama kwa wagonjwa peke yao. Ukisubiri mpaka uugue ndipo ulipe, na mimi nikisubiri, na wote tukisubiri, hatutakuwa tumechanga, tutakuwa tumefika tu na vidonda vyetu mlangoni. Waliojiandikisha SHA ni mamilioni kwa mamilioni. Wanaolipa kati ya sisi tusiokatwa mshahara ni wachache mno. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini hapa kila mtu ameshika kinga chake nyuma ya mgongo akingojea cha mwenziwe kiwake.

Najua yule rafiki yako wa chuoni atasema bima ina gharari, yaani mashaka ya kubahatisha. Wanazuoni wametofautiana tangu mimi kijana, na si kazi yangu kuwaamua. Karani wa bandari kama mimi hawi kadhi. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba wanaoiharamisha na wanaoihalalisha huwakuta foleni moja, wakisubiri kuchangiwa.

Tumefika hapa kwa njia ndefu, na wewe umezaliwa karibu na mwisho wake. Mimi nakumbuka mwaka 1965, serikali changa ilipoondoa ada ya matibabu ya shilingi tano, hospitali za serikali zikawa bure kwa mgonjwa asiyelazwa. Marehemu bibi yako alitupeleka hata kwa vipele. Mwaka wa pili yake, 1966, ikaundwa NHIF, mfuko wa bima ya hospitali, kwa watu wa mishahara. Mambo yakaenda hivyo, dawa zikipungua polepole, mpaka Desemba 1989 wakaleta walichokiita kuchangia gharama. Jina zuri! Kliniki moja ya magonjwa ya zinaa kule Nairobi ilihesabiwa wakati huo: wanaume waliokuja walishuka wakawa asilimia 40 tu ya waliokuwa wakija kabla ya ada. Maradhi hayakupungua. Watu walikaa nayo nyumbani, wakawapa wake zao. Ada ile ikasitishwa mwaka 1990, ikarudishwa 1992, na mwaka 2004 ikashushwa ikawa shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya, ikaondolewa mwaka 2013. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa nusu. Sisi wa umri wangu tumezoea kuchungulia kwanza.

Sasa nikupe habari niliyokuficha kwa muda mrefu, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Ulikuwa na miaka saba. Uliambiwa baba yako amesafiri kwenda Kismayu kuvua. Hakwenda Kismayu.

Ilikuwa Novemba 2004. Tumbo lilimshika baharini, wenzake wakamleta pwani amejikunja kama kamba. Wakaona foleni ya hospitali ya serikali ni ndefu, wakampeleka hospitali moja ya binafsi iliyokuwa karibu, na kwa kweli madaktari wale walimwokoa. Utumbo ulikuwa umejipinda, ukakatwa, ukaungwa. Sina neno nao kwa hilo. Baada ya siku kumi na moja daktari akatia sahihi ya ruhusa. Bili Sh112,000. Mdogo wangu katika maisha yake hakupata kuzishika elfu ishirini kwa pamoja. Basi wakamwambia abaki.

Alibaki siku 23. Mtu mzima, mzima wa afya, amekaa kitandani amevaa kanzu yake, mlinzi mlangoni. Na kila siku aliyozuiwa iliongezwa Sh1,800 ya kitanda. Umeona hekima hiyo? Mtu anadaiwa kwa sababu hana, na anaongezewa deni kwa sababu anadaiwa. Mwisho ikafika 153,400. Tukauza mashua na injini yake, Sh95,000. Mama yako akavua bangili zake mbili, tukapata 30,000. Zilizobaki, 28,400, tuliomba msikitini Ijumaa mbili mfululizo, mimi nimesimama kwenye safu ya mbele na bahasha. Mashua iliuzwa ili mwenyewe atoke, na alipotoka hakuwa na mashua. Miaka minne aliyoishi baada ya hapo ulimkuta daima pale pwani akishona nyavu za watu. Wewe ulidhani alipenda kushona.

Na sikiliza hili pia. Desemba ile ile, mwezi ambao wavuvi wetu wanaukumbuka kwa mawimbi ya tarehe 26, nilikuwa nimekaa naye wodini tukisikiliza redio ndogo, ikatangazwa kwamba Bunge limepitisha mswada wa bima ya afya ya kila Mkenya, ule uliopiganiwa na waziri Charity Ngilu. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika mshono. "Kaka," akasema, "waulize kama wanaanza leo." Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi, wakubwa wa uchumi walisema nchi haina uwezo wa kuubeba. Labda kweli haikuwa nao. Lakini mashua ya baba yako ndiyo iliyobeba.

Kuna jambo gumu zaidi kuliko hilo. Mimi nilikuwa na kadi. Miaka ile ya bandarini, kwenye karatasi yangu ya mshahara, ilikatwa Sh320 kila mwezi, na mimi nilinung'unika kama ulivyonung'unika wewe jana, maana nilikuwa mzima. Wakati huo mtu asiye na mshahara aliweza kujiunga kwa hiari yake kwa Sh160 kwa mwezi. Mia na sitini! Mvuvi mwenye mashua na injini huzipata kwa ngisi wawili. Nilijua, na sikumwambia. Sikumficha, halikunijia tu akilini, kwa sababu niliihesabu kadi kuwa ni mambo ya watu wa ofisini, na yeye mtu wa bahari. Nisikudanganye kwamba ingemlipia zote: NHIF ya siku zile ilitoa kiasi fulani kwa kila siku ya kulazwa, basi. Lakini pengine tungeuza injini tukabaki na mashua. Nimekuwa nikiyapima hayo kwa miaka ishirini na kitu, na mwaka 2006 walipotafuta mtu wa kushika daftari la mazishi nikainua mkono kabla hawajamaliza kuuliza.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi kuhusu kina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, ilisema wazi kwamba kumfungia mgonjwa kwa ajili ya bili ni kuvunja haki zake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Nilizisoma habari hizo gazetini, nikazikata, nikazitia ndani ya daftari. Ila karatasi ya mahakama haimlipi muuguzi, wala haijazi kabati la dawa. Hospitali nayo, ikimwachia kila asiyelipa, itafunga milango. Haki lazima mtu ailipie, na swali la pekee ni kama tutailipia sote kidogokidogo au atailipia mmoja kwa mashua.

Sasa ulilosema baada ya wenzako kucheka, lile ulilolisema kwa sauti ya chini. Ulisema: "Chama cha mazishi naiona sanda, ami. Huku nikifika naambiwa sistimu imelala." Hapo, mwanangu, ulisema kweli, na nisingekuwa mzee wa maana kama ningekupita hapo kwa mawaidha ya subira tu.

SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, miezi ya mwanzo ilikuwa ya aibu. Mtambo ulikwama, wagonjwa wa figo na wa saratani walioanza matibabu kwa kadi ya zamani wakatakiwa walipe mkononi, na hospitali nyingi zikawa bado zinaidai NHIF mabilioni. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akaandika kwamba mtambo huo wa Sh104.8 bilioni si mali ya serikali. Kabla ya hapo, mwaka 2023, tulikwisha kusikia jinsi wazee wa vijijini walivyokusanywa wakapelekwa hospitalini, kisha NHIF ikadaiwa malipo ya upasuaji ambao wengine hawakufanyiwa. Baada ya hayo unamwambia dereva wa tuktuk atoe pesa kwa moyo mweupe?

Mimi daftari langu nalifungua kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, juu ya mkeka, mbele ya yeyote. Mwaka fulani fundi cherehani alikaa nalo nusu saa akakuta hesabu imepungua Sh300. Nililipa mfukoni mwangu siku hiyohiyo, na mwezi uliofuata nyumba nne zilizokuwa nje zikaomba kuingia. Elimu ya bima kwa matangazo ya redio ni nzuri, ila wakubwa wetu wangefungua mkeka wao tukaona: kiasi gani kimeingia, hospitali gani imelipwa nini, nani amedai upasuaji usiokuwapo na sasa yuko wapi. Watu wetu si wagumu wa kutoa. Wanatoa wakiona sanda.

Na ile ya kulipa mara moja kwa mwaka siiungi mkono hata kidogo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi kabla haujamgusa mkono, na hapa nisiwe dhalimu, mpango umewapunguzia wadogo: mwenye Sh20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF, sasa 550, na mwenye laki moja amepanda kutoka 1,700 hadi 2,750. Huo ni uadilifu. Lakini wewe unayepata kwa siku na kula kwa siku unaambiwa ulete fungu la mwaka mzima kwa mkupuo, na usipokuwa nalo ukope kwa ule mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Najua ulivyoikusanya ile ya kwanza. Betri ya tuktuk ilingoja miezi miwili. Aliyepanga hivyo hajawahi kupanga foleni ya gesi ya kilo sita. Chama changu kingedai 1,200 kila Januari, mwezi wa karo, tungekuwa tunazikana kwa mikopo.

Kisha kuna yale maswali ya SHA ya kupima uwezo wa nyumba: ukuta wa nini, paa la nini, choo cha aina gani, unapikia nini, una mifugo mingapi. Nia yake naielewa, tajiri atoe zaidi ya maskini. Lakini hapa kwetu Mji wa Kale mtu anaweza kuishi kwenye nyumba ya mawe ya urithi yenye mlango wa nakshi, warithi kumi na wanane, na chakula chake cha leo kikawa kinategemea mahamri ya alfajiri. Mlango wa nakshi hauliwi. Wanyarwanda, ambao si matajiri kutuzidi, walianza majaribio ya Mutuelle de Santé mwaka 1999, na kwa muda mrefu walikaa kijiji kwa kijiji, jirani akisema mbele ya jirani nani hana. Asiye nacho kabisa serikali ikamlipia. Walio wengi mno sasa wamo. Sisemi tuwaige kila kitu. Nasema majirani hujua kuliko karatasi.

Jambo jingine ambalo nalisema kwa haraka kwa sababu nimelisema mara nyingi: zahanati. Ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na kituo cha afya, hulipiwa na hazina ya huduma ya msingi kutoka kwa kodi. Ukijiandikisha huko, hudaiwi mchango ili utibiwe. Lakini sisi mtoto akipiga chafya tunakimbilia Makadara tukajaze kumbi za hospitali kuu. Kweli, zahanati nyingi utaambiwa ukanunue dawa nje, na hilo ni deni la kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zenye kushika afya. Mgonjwa wa Kizingitini au wa Kiunga, kule Lamu, huyo usimguse kabisa, kwake hata boti ni bili. Lakini shinikizo la damu hupimwa mbele ya nyumba yako. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wamepewa mikoba ya kazi. Yule wa mtaa wetu alipita kwako mara mbili, mara zote mbili ulimwambia arudi kesho. Figo za watu wengi wanaokaa kwenye kile kiti cha Sh10,650 zilianza kufa kwa presha ambayo hakuna aliyeipima.

Nirudi kwako. Mkeo ana mimba ya miezi sita. Mungu amjalie wepesi. SHA humlipia mzazi wa kawaida Sh10,000, na wa upasuaji Sh30,000. Sijui ni upi utakaomfika, wala wewe hujui, wala daktari hajui bado. Miezi mitatu ijayo mchango wako wa mwaka jana utakuwa umekwisha nguvu. Usinijibu sasa. Nenda ukamsomee yeye barua hii, maana ndiye mwenye tumbo.

Kama ni ugumu wa fungu la mara moja, njoo tuzungumze. Nimewapelekea wenzangu wa chama shauri kwamba tuongeze kisanduku cha pili: kila nyumba iweke kidogo kila wiki, na mwaka ukifika chama kiilipe SHA kwa ajili ya nyumba zote kwa mpigo. Wawili wameniunga mkono, wanne wamesema chama ni cha maiti, kisichanganywe na walio hai. Tutaonana nao Ijumaa. Njoo na wenzako wa stendi, muwe wengi, na mje na maswali. Daftari litakuwa juu ya mkeka.

Na mashua ile ingali hai. Niliiona mwaka jana nikivuka kwenda Mtongwe. Mwenyewe mpya ameipaka kijani, jina la bibi yako limefunikwa, lakini ubavuni karibu na mkuku kile kiraka cha mbao ya mvule alichokitia baba yako mwaka 2001 kimesimama vilevile. Jumapili asubuhi, maji yakiwa yamejaa, huwa imefungwa pale. Ukitaka, nitakuonyesha.